Anatomia ni ujirani: namna ya kuusoma mwili bila kuzama kwenye majina

Mwanafunzi anayeanza anatomia hukutana na majina kabla hajakutana na mwili. Mifupa 206, misuli zaidi ya 600, jozi 12 za neva zinazotoka kwenye ubongo, jozi 31 zinazotoka kwenye uti wa mgongo. Kila kimoja kina jina lenye asili ya Kilatini au Kigiriki, kina sehemu zake, na sehemu hizo nazo zina majina. Wiki chache baadaye mwanafunzi huyo ameshajihukumu kwamba hana kichwa cha kukariri. Wengi wanaofika hapo hawana tatizo lolote la kumbukumbu. Wanakariri kila kitu peke yake, na mwilini hakuna kitu kinachokaa peke yake.

Chukua mfupa mmoja tu, ule ulio kati ya bega na kiwiko, unaoitwa humerasi. Upande wake wa nyuma, karibu na katikati, kuna mfereji usio na kina unaoteremka kwa kupinda kutoka ndani kwenda nje. Hiyo ni njia ya neva ya radiali, ambayo hapo hupita karibu kabisa na mfupa. Sasa mtu ameanguka na humerasi imevunjika katikati. Neva ikijeruhiwa, kiganja kinalegea na kuning'inia. Mgonjwa hawezi kukiinua kwenye kifundo wala kunyoosha vidole kwenye maungio yanayovishikisha na kiganja. Lakini kiwiko mara nyingi anakinyoosha vizuri tu, kwa sababu matawi yanayoendesha trisepsi, msuli wa nyuma ya mkono, mengi yake huwa yameshachomoka kwenye neva kabla haijafika mferejini.

Kuna jambo jingine la kushangaza kwa mgonjwa huyo: ngumi yake pia imepungua nguvu, ingawa misuli inayokunja vidole haijaguswa. Unaweza kulithibitisha sasa hivi. Kunja kifundo cha mkono wako, kiganja kielekee chini hadi mwisho, kisha jaribu kukaza ngumi. Haikazi. Kifundo kikiwa kimekunjwa hivyo, kano za kukunja vidole, yaani kamba zinazounganisha misuli na mifupa, zimelegea na za kunyoosha zimevutika, kwa hiyo ngumi ya nguvu inahitaji kifundo kilichoinuliwa kidogo kwenda nyuma, na kazi hiyo ya kukiinua ni ya misuli inayoendeshwa na neva ya radiali.

Hapo umesoma mfupa, neva, misuli na dalili ya jeraha kwa pamoja, na havitakutoka kirahisi. Ndiyo maana nasema anatomia ni somo la ujirani. Kwa kila kitu unachokutana nacho, uliza kinatoka wapi, kinaelekea wapi, kinapakana na nini, na kikikatika mtu anapoteza nini. Jina ni la kubandika mwishoni.

Lugha ya mahali

Ujirani hauelezeki bila makubaliano kuhusu mahali. Wanaanatomia wote wanauelezea mwili kana kwamba mtu amesimama wima, uso mbele, mikono imening'inia pembeni na viganja vimeelekezwa mbele. Hata maiti ikiwa imelala kifudifudi, maelezo hayabadiliki. Kulia na kushoto ni kwa mwenye mwili, si kwa anayetazama. Katika mkao huo gumba liko upande wa nje na kidole cha mwisho upande wa ndani, jambo linalowachanganya wengi mwanzoni kwa sababu mkono ukiachwa utulie wenyewe hukaa vingine. Usiharakishe hapa. Mtu ambaye hajauzoea mkao huu atasoma kila sentensi ya kitabu chake mara mbili.

Mifupa huja kwanza, na si kwa sababu ni rahisi

Mifupa hutangulia kwa kuwa karibu kila kitu kingine hupimwa kwayo. Kila kinundu, kila tundu na kila mkwaruzo juu ya mfupa umeachwa na jirani: msuli uliojishikiza, mshipa wa damu uliopenya, neva iliyopita. Nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, kuna kinundu ambacho ukigonga kwa bahati mbaya unasikia mshtuko unaoteremka hadi kidole cha mwisho. Kilichogongwa ni neva ya ulna, inayopita nyuma ya kinundu hicho ikiwa na ngozi na tabaka jembamba tu juu yake.

Hesabu yenyewe ya 206 ni ya mtu mzima. Mtoto mchanga ana vipande vingi zaidi, karibu 300, ambavyo vingi huungana anapokua. Sakramu, mfupa ulio nyuma ya nyonga, ni pingili tano, yaani vipande vya mfupa wa mgongo, zilizoshikana kuwa moja. Na ukijumlisha mifupa ya mikono miwili kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, 54, na ya nyayo mbili kuanzia kifundo, 52, unapata 106. Zaidi ya nusu ya kiunzi chote iko kwenye viganja na nyayo, mahali ambapo mwendo mdogo na wa uangalifu unahitajika zaidi.

Msuli huvuta tu

Kanuni moja inabeba sehemu kubwa ya somo la misuli: msuli unaweza kuvuta, hauwezi kusukuma. Kwa hiyo kila mwendo una msuli wake, na mwendo wa kurudi una mwingine upande wa pili. Ukijua msuli umeanzia wapi, umeishia wapi, na umevuka ungio gani kwa upande upi, kazi yake unaweza kuitambua mwenyewe bila kuikariri.

Bisepsi, msuli wa mbele ya mkono juu ya kiwiko, ni mfano mzuri, maana kila mtu anadhani anaifahamu. Wengi watakuambia kazi yake ni kukunja kiwiko. Ni kweli, lakini chini yake kuna msuli mwingine, brakialisi, unaofanya kazi hiyo hiyo na ndio wenye sehemu kubwa. Bisepsi haiishii kwenye ulna, mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole cha mwisho, kama brakialisi; inaishia kwenye radiasi, mfupa wa kigasha ulio upande wa gumba, tena kwenye kinundu kilichotazama ndani. Ikivuta, radiasi inazunguka. Kunja kiwiko chako kama pembe ya meza, kiganja kitazame chini, na mkono wa pili ushike bisepsi. Sasa geuza kiganja kitazame juu kwa nguvu. Utausikia msuli ukitutumka ilhali kiwiko hakijasogea hata kidogo. Kukaza skrubu kwa mkono wa kulia ni kazi ya bisepsi.

Vidole navyo vina siri yao: misuli yenyewe haimo ndani yake. Shika kigasha chako chini kidogo ya kiwiko kisha chezesha vidole. Mwendo unaousikia ni wa misuli mikubwa iliyo mbali na vidole, inayovivuta kwa kano ndefu, huku misuli midogo ya kiganja ikisaidia mambo ya ustadi. Kano tisa za kukunja vidole na gumba hupita pamoja kwenye njia nyembamba mbele ya kifundo, sakafu yake ikiwa mifupa midogo ya kifundo na paa lake utepe mgumu usiotanuka. Katika njia hiyo hiyo hupita neva ya kati. Tishu za humo zikivimba, paa halisogei, na neva ndiyo inayoumia. Mgonjwa anaanza kuamka usiku akiwa na ganzi kwenye gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Lakini ngozi ya kiganja iliyo chini ya gumba inabaki na hisia zake, kwa sababu tawi linaloihudumia huchomoka mapema na kupita juu ya paa. Daktari anayelijua hilo anaweza kutofautisha neva iliyobanwa kifundoni na ile iliyojeruhiwa juu zaidi.

Neva: mahali ambapo wengi hukwama

Hakuna mchoro unaowatisha wanafunzi kama ule wa mtandao wa neva za mkono. Mizizi mitano kutoka shingoni na sehemu ya juu ya kifua inaungana kuwa mashina matatu, mashina yanatoa migawanyiko sita, migawanyiko hiyo inakusanyika tena kuwa mafungu matatu, na mwishoni zinatoka neva kuu tano. Ukiukariri kama mchoro mtupu utausahau mtihani ukiisha. Sababu yake ni nyepesi kuliko sura yake.

Mkono wa kijusi huanza kama kichipukizi bapa pembeni mwa mwili, chenye upande wa mbele na upande wa nyuma. Misuli ya mbele itakuwa ya kukunja, ya nyuma itakuwa ya kunyoosha. Kila shina la neva linajigawa mara mbili kwa sababu hiyo tu: tawi moja la mbele, moja la nyuma. Matawi yote matatu ya nyuma yanakusanyika kuwa fungu moja, na kutoka fungu hilo hutoka neva ya radiali na ile inayozunguka bega kuendesha deltoidi, msuli wa begani. Ndiyo sababu neva ya radiali inaendesha kila msuli wa kunyoosha, kuanzia trisepsi hadi vidoleni. Yaliyobaki, matawi ya mbele, yanatoa neva tatu: ile ya bisepsi na brakialisi, neva ya kati, na neva ya ulna. Ukiushika mgawanyo huo wa mbele na nyuma, mchoro mzima unajichora wenyewe.

Kuna tofauti nyingine ambayo lazima itulie kichwani mapema: mzizi wa neva si neva. Mzizi hutoka kwenye uti wa mgongo. Neva ya mkononi hubeba nyuzi kutoka mizizi kadhaa. Mtu akija na ganzi kwenye kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete, mshukiwa wa kwanza ni neva ya ulna. Lakini eneo la neva hiyo kwenye ngozi huishia karibu na kifundo. Ganzi ikipanda kwenye kigasha upande wa ndani, tatizo liko juu zaidi, kwenye mizizi au kwenye mtandao, kwa kuwa ngozi ya hapo ina neva yake nyingine inayotoka kwenye mizizi hiyo hiyo. Mstari mmoja uliochorwa kwa kalamu kwenye ngozi unaweza kuamua kama mgonjwa achunguzwe kiwiko au shingo.

Na mizizi yenyewe ina hesabu inayosumbua: shingo ina pingili 7 lakini jozi 8 za neva. Jozi ya kwanza hutoka juu ya pingili ya kwanza, na zinazofuata hivyo hivyo, kila moja juu ya pingili yenye namba yake. Ya 8 inatoka chini ya pingili ya 7, na kuanzia hapo kila jozi hutoka chini ya pingili yake. Ukikosea hapa unakosea mgongo mzima.

Njia za ajabu na sababu zake

Neva zikionekana zimepita njia isiyo na akili, karibu kila mara jibu liko tumboni mwa mama. Mfano ninaoupenda ni kiwambo, msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo na unaotuvutia pumzi. Uko chini ya mapafu, ilhali neva inayouendesha, neva ya freniki, inatoka shingoni, kwenye mizizi ya 3, 4 na 5. Kiwambo kilianza kuumbwa karibu na shingo ya kijusi, kikashuka mwili ulipokua, na neva yake ikarefuka kukifuata. Kutokana na hilo, mtu aliyevunjika shingo chini ya mizizi hiyo anaweza kupooza mikono na miguu na bado akapumua mwenyewe. Jeraha la juu yake linamnyima pumzi. Na kwa kuwa ngozi ya bega nayo hutegemea mizizi ya 3 na ya 4, ubongo hukosea chanzo cha maumivu. Bandama ikipasuka na damu ikakigusa kiwambo kwa chini, mgonjwa anaweza kulalamikia bega la kushoto. Anayempapasa bega tu hatapata kitu.

Neva inayoendesha nyuzi za sauti ina hadithi ya namna hiyo. Upande wa kushoto huteremka kutoka kwenye neva mama kifuani, hupita chini ya upinde wa aota, ateri kuu inayotoka moyoni, kisha hupanda tena hadi kwenye zoloto, kisanduku cha sauti kilicho kooni. Upande wa kulia hujipinda juu zaidi, chini ya ateri inayokwenda mkononi. Katika kijusi neva hizi zilikuwa karibu na zoloto, zikipita chini ya ateri zilizokuwa shingoni. Moyo na ateri ziliposhuka kifuani, zikavuta neva nazo. Kwa mujibu wa njia hiyo, sauti iliyokwaruza kwa wiki nyingi bila mafua inaweza kuwa dalili ya uvimbe kwenye pafu la kushoto. Galen, tabibu wa karne ya 2 aliyefanya kazi Roma, alizikata neva hizo kwa nguruwe aliye hai mbele ya watazamaji, na nguruwe aliyekuwa akipiga kelele akanyamaza.

Viungo vya ndani

Viungo vya ndani ni vyepesi zaidi kwa aliyekwisha kuzoea kuuliza habari za majirani. Figo la kulia huwa chini kidogo kuliko la kushoto, kwa kuwa ini, lenye uzito wa karibu kilo 1.5, limekalia nafasi ya juu yake. Bomba la hewa la kulia ni pana zaidi, fupi na limesimama wima kuliko la kushoto, hivyo punje iliyompalia mtoto huishia mara nyingi upande wa kulia. Ini hupokea damu kwa njia mbili: karibu robo tatu hutoka kwenye utumbo na viungo jirani kupitia vena kubwa inayobeba virutubisho, na iliyobaki huletwa na ateri. Saratani ya utumbo mpana hutumia njia hiyo hiyo ya kwanza kufika kwenye ini.

Kidole tumbo kinaeleza mengi. Maumivu yake huanza katikati, karibu na kitovu, kwa sababu neva zake huingia kwenye uti wa mgongo kwenye usawa ule ule na ngozi ya kitovu. Saa kadhaa baadaye uvimbe ukigusa utando unaofunika ukuta wa tumbo kwa ndani, maumivu huhamia chini kulia, sasa yakiwa makali na ya mahali maalumu. Na kiko kulia kwa sababu utumbo wa kijusi hutoka nje kuingia kwenye kitovu karibu na wiki ya 6, ukajizungusha, kisha ukarudi ndani karibu na wiki ya 10. Kwa wachache ambao mzunguko huo haukukamilika, kidole tumbo kinaweza kuwa kushoto.

Kitabu na mwili

Galen alikuwa mchunguzi hodari, lakini alipasua nyani na nguruwe, na mengi aliyoyaona kwao aliyaandika kuwa ya binadamu. Aliandika kwamba taya la chini ni mifupa miwili. Kwa zaidi ya miaka 1,000 wasomi walilikubali. Abd al-Latif al-Baghdadi, tabibu na msomi aliyekuwa Misri wakati wa njaa kuu ya mwanzoni mwa karne ya 13, alizichunguza maiti na mafuvu yaliyotapakaa akaona taya ni mfupa mmoja, akaandika kwamba ushahidi wa macho una nguvu kuliko kauli ya Galen. Vesalius, mwanaanatomia aliyefundisha Padua, Italia, alichapisha mwaka 1543, akiwa na miaka 28, kitabu kilichosahihisha jambo hilo na mengine mengi kutokana na maiti alizopasua kwa mikono yake.

Kwa hiyo usisome kwa macho tu. Chora kutoka kichwani, kitabu kikiwa kimefungwa, hata kama mchoro ni mbaya; penye pengo ndipo hujapaelewa. Soma eneo zima, kwa mfano kiwiko na vyote vilivyomo, baada ya kusoma mfumo mmoja mmoja. Papasa mwili wako mwenyewe. Wenye bahati ya kusomea mwili uliotolewa na mtu kwa hiari yake kabla ya kufa wanapaswa kuutendea kwa heshima kubwa, kwa kuwa hakuna picha inayoonyesha uzito, ukinzani na unene wa tishu kama mwili halisi.

Mwili halisi pia hautii kitabu. Karibu mtu mmoja kati ya wanne ana ateri ya ziada kwenye figo. Wachache sana, karibu mmoja kati ya 10,000, wana moyo kulia na ini kushoto. Tofauti moja unaweza kuipima sasa: gusanisha gumba na kidole cha mwisho, kisha kunja kifundo kidogo. Kano nyembamba ikichomoza katikati ya kifundo, hiyo ni ya palmarisi mrefu, msuli ambao watu wengi tu hawanao, wengine upande mmoja, wengine pande zote mbili, na wala hawapungukiwi na chochote. Kwa kuwa haina umuhimu mkubwa, wapasuaji huichukua kano hiyo kutengeneza nyingine iliyokatika. Neva ya kati iko chini yake tu, na kwa asiye na palmarisi neva hiyo ndiyo kitu cha kwanza chenye umbo la kamba kinachokutwa hapo. Imewahi kutokea ikakatwa kwa kudhaniwa kuwa kano. Kwa hiyo mpasuaji hupima kabla mgonjwa hajatiwa ganzi, huweka alama kwenye ngozi, na akishapasua huhakikisha tena: kano ya palmarisi hupita juu ya utepe mgumu wa kifundo, neva ya kati hupita chini yake.